Pleteleti zikishuka: kwa muuguzi mgeni wodi ya saratani

Majibu ya maabara yakisoma 8, yaani pleteleti (chembe za damu zinazozuia kuvuja) 8,000 kwa mikrolita, nenda kwa mgonjwa kabla ya kupiga simu benki ya damu. Mulika kinywa kwa tochi. Malengelenge ya damu ndani ya shavu au chini ya ulimi yanatisha kuliko vidoa vya miguuni. Vidoa hivyo vibonyeze. Vya damu havififii.

Kagua na sampuli. Damu iliyovutwa kwa shida huganda chupani, mashine ikahesabu pungufu. Wengine pleteleti zao hushikana kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau tu, basi omba maabara watazame slaidi au rudia kwa kifuniko cha bluu. Na hapa Uganda pima malaria, maana nayo hushusha pleteleti. Si kila kitu ni kemo, yaani dawa za saratani.

Asiyevuja damu kwa kawaida huongezewa pleteleti akishuka chini ya 10,000. Akiwa na homa, wengi huanza chini ya 20,000, na kwa upasuaji mkubwa hutakiwa 50,000. Anayevuja hasubiri namba, mwite daktari.

Mfuko wa pleteleti usiuweke friji kamwe, hata ya damu. Hukaa nyuzi 20 hadi 24 huku ukitikiswa polepole, siku 5 hivi. Zikipoa, ini huziondoa mwilini upesi, na umepoteza kitu ambacho benki ya damu ya Nakasero wamehangaika kukipata. Mfuko ukifika wodini uutundike mara moja kwa seti mpya ya damu, uishe kwa dakika 30 hivi. Mtu mzima huhitaji yuniti 4 hadi 6 zinazotengwa kutoka damu nzima ya wachangiaji. Pima tena baada ya saa moja: zisipopanda, fikiria homa, bandama kubwa au kingamwili.

Sindano ya msuli acha, pia kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Ukitoa damu, bana pamba dakika 5 nzima bila kuchungulia.

Zungumza na ndugu anayemwuguza, kwani ndiye anayetumwa duka la dawa. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni hapana. Hata panado asimpe kabla homa haijapimwa, itaificha. Kichwa kikimgonga ghafla, akitapika au akianza kupayuka, aje akuamshe saa yoyote.