Hospawa Zako Ziko Kwenye Mizunguko Mingapi?

Maskani kwetu Michenzani ubishi wa magari hauishi. Kahawa haijapoa, mtu keshataja hospawa zake, yaani nguvu za farasi za injini yake. Na mie nilikuwa hivyo hivyo. IST yangu ina injini ya 1NZ, cc 1,500, na nikijitapa kwa farasi wake 109 utadhani nimewafuga mwenyewe. Njia ya Tunguu mpaka Paje ni tambarare, nani angenibishia?

Halafu nikaivusha Pemba kwa harusi. Tulikuwa watu watano na mabegi juu, tunatoka Mkoani kwenda Chake. Pemba si Unguja: hujamaliza bonde, kilima kishakupokea. Nakanyaga, gari haichanganyi. Nikaona taa nyuma yangu, ni ami na Surf yake kuukuu ya dizeli, nzito karibu mara mbili ya gari yangu. Akanipita kwenye mlima, mkono mmoja uko nje dirishani.

Usiku barazani tukapekua takwimu. Injini yake, 1KZ-TE ya zamani, ina hospawa 130 tu. Ukigawa kwa uzito, mie ndiye niliyepaswa kumpita! Siri iko kwenye torki, yaani ule msokoto unaozungusha tairi. Yake ni nyutonimita 287 injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Yangu ni 141, na mpaka mizunguko ifike 4,200. Hospawa ni torki mara mizunguko, basi. Kwa hiyo ami akiwa kwenye 2,000 anazo farasi kama 80 tayari, na mie kwenye mizunguko hiyo hiyo sifiki hata nusu yake. Farasi wangu 109 wako 6,000, mahali ambapo sijawahi kufika kwa sababu nikisikia injini inalia, naachia mguu.

Kwa hivyo wa kulaumiwa ni mguu wangu, si injini. Kesho yake kwenda Wete nilizima O/D, ile gia ya juu kabisa, kwenye milima mikali nikashusha gia kwenye 2, nikaiacha ilie. Ilipanda vizuri tu. Mafuta ilikunywa, siwafichi.

Wenye haibridi, gari za injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, nao wana hesabu yao ya ajabu. Aqua ina injini ya farasi 74 na mota ya 61, mtu anajumlisha anapata 135. Sivyo. Jumla ni 100, maana viwili hivyo havifiki kileleni pamoja, na betri ina kikomo cha umeme inaoweza kutoa. Lakini kwa foleni ya Darajani sijaona inayoishinda: mota inavuta tangu tairi haijazunguka, na ukipunguza mwendo inarudisha umeme kwenye betri. Mlima mrefu ndipo betri inapopungua, ukabaki na wale 74. Na jamani, betri inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kwenye kiti cha nyuma. Msiizibe kwa mabegi na mikungu ya ndizi.

Injini ndogo yenye turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, kama ya Jimny ya cc 660, ina farasi 64 tu na kwenye njia mbovu inafurahisha. Ila oili ibadilishwe kwa wakati, na ukimaliza mlima usizime injini papo hapo.

Kuhusu karatasi za Japani, kumbukeni pia kwamba mpaka 2004 watengenezaji wa huko walikuwa wamekubaliana wasitangaze gari yenye zaidi ya farasi 280. Kuna gari zilizoandikwa 280 kwa adabu tu.

Ukienda kununua, usikubali kuijaribu peke yako na muuzaji kwenye barabara nyoofu. Chukua watu wanne, washa kipupwe, peleka Masingini kwenye mwinuko. Simama katikati ya kilima, kisha ondoka taratibu huku ukitazama mshale wa mizunguko, sio wa spidi.