Ukienda kusoma Ufini, usimalize hela kwenye koti

Kila mwaka majina ya waliopata nafasi za kubadilishana wanafunzi yakishatoka, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Shikamoo dada. Nimepata Ufini. Nibebe koti gani?" Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Koti tutaliongelea, tena tuanze nalo ili lituondokee. Ila jua mapema kwamba baridi inamalizwa na hela kidogo na akili kidogo. Kinachowarudisha watu nyumbani wamekonda ni giza la Novemba na ukimya wa wenyeji, na hivyo viwili hakuna anayeviuliza.

Mimi nilisoma misitu mwaka mzima wa masomo Joensuu, mji mdogo mashariki ya Ufini, karibu na mpaka wa Urusi. Nimezaliwa Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Wanaoijua Makete wanajua kwamba Juni na Julai unaamka unakuta nyasi nyeupe kwa sakitu, kwa hiyo kila mtu aliniambia, wewe baridi si umeizoea? Nilichokuja kukigundua ni kwamba baridi ya Makete inakufuata hadi kitandani, wakati ya Joensuu inaishia mlangoni. Nyumba zao zina madirisha ya vioo vitatu na joto la pamoja linalokaa kwenye nyuzi 20 na ushee. Nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri, wewe ndani umevaa fulana na kandambili unakunywa chai. Nyumbani kwetu nililala na sweta, kule sikuwahi.

Kwa hiyo usinunue koti zito Dar. Ukifika mwishoni mwa Agosti hali ya hewa bado ni ya sweta tu. Septemba ingia kwenye maduka yao ya mitumba, wanayaita kirpputori, au Kontti, ambayo ni maduka ya Msalaba Mwekundu wa Ufini. Utapata koti zuri kwa bei ya chakula cha siku chache. (Hilo la Ilala unaloambiwa ni "grade A" huenda lilitoka hukohuko, likalipiwa meli, na sasa unataka kulilipia ndege lirudi kwao.) Vitu vya kununua vipya ni viwili: nguo za ndani za kubana mwili, za sufu au za kitambaa cha michezo, na viatu. Pamba iache. Ukitembea haraka unatoka jasho, pamba inalishika, na ukisimama kituoni kusubiri basi jasho hilo linageuka barafu mgongoni. Jinzi nayo peke yake ni kama hujavaa kitu. Viatu chukua vinavyozidi mguu wako kidogo, soksi ya sufu iingie na bado vidole vicheze, maana kiatu kinachobana ndicho kinachogandisha mguu. Glavu zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto kuliko za vidole mbalimbali. Vaselini ileile ya nyumbani ibebe kopo kubwa, kwa uso na midomo ukitoka, na kwa ngozi ukiwa ndani, kwa sababu hewa ya ndani ni kavu mno. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani betri ikipigwa na baridi inazima hata kama ilikuwa imejaa nusu.

Watu wanaogopa nyuzi 25 chini ya sifuri. Mimi naogopa sifuri yenyewe. Baridi ikiwa kali theluji inakuwa kavu, inalia kwich kwich chini ya kiatu na haitelezi sana. Siku joto linapopanda hadi sifuri, mvua ikanyesha juu ya barafu, njia ya kwenda darasani inakuwa kama sahani iliyopakwa mafuta. Manispaa wanamwaga kokoto ndogondogo barabarani, lakini hazifiki kila mahali. Kuna vifaa vya misumari midogo unavyovalisha juu ya kiatu chako. Nunua, na usione haya, hata vijana wao wanavaa. Riflekta pia, kile kipande kinachorudisha mwanga wa taa za gari, ning'iniza kwenye koti. Sheria yao ya barabarani inamtaka mtembea kwa miguu awe nayo gizani, na giza lipo la kutosha.

Nyumba za wanafunzi mara nyingi ni za kushirikiana: kila mtu na chumba chake chenye ufunguo, jiko na bafu vyenu wote. Kuna kimya cha usiku, kawaida kuanzia saa nne hadi saa moja asubuhi, na wanakifuata kweli. Mashine za kufulia ziko chini na zina zamu. Ukichelewa kuondoa nguo zako utazikuta zimekunjwa vizuri pembeni na mtu ambaye hatakuambia neno, lakini amekasirika. Dagaa wakaange ukiwa umewasha feni ya juu ya jiko na kufunga mlango. Nyumba zile zimezibwa barabara; harufu ikiingia kwenye mapazia mnaishi nayo wiki nzima, na king'ora cha moshi hakijui tofauti ya moto na mapishi ya Mwanza. Taka zinatengwa: za chakula, karatasi, boksi, vioo, chuma, plastiki. Chupa na makopo ya soda usitupe kabisa. Kopo lina senti 15 zako za euro, chupa ya plastiki ya zaidi ya lita moja senti 40, unazirudishiwa na mashine iliyopo mlangoni mwa supamaketi.

Chakula cha mchana kula chuoni kila siku. Kela, shirika lao la hifadhi ya jamii, linachangia mlo wa mwanafunzi, kwa hiyo kwa karibu euro 3 unapata chakula kikuu, saladi, mkate na maziwa, na viazi unapakua mwenyewe. Kwa bei hiyo dukani huwezi kujipikia. Jioni pitia supamaketi karibu na muda wa kufunga, utaona vyakula vinavyokaribia tarehe vimebandikwa punguzo. Unga wa sembe utaupata kwenye maduka ya Wasomali na Waasia miji mikubwa; kwingine kuna polenta, unga wa mahindi ya njano, unasonga na unashika, macho tu ndiyo yanakataa kwanza. Usibebe nyama kavu wala maziwa au jibini kutoka nyumbani, sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu. Na ukifika Agosti nenda msituni uchume matunda ya porini. Ufini mtu yeyote, hata mgeni, anaruhusiwa kuingia msitu wa mtu na kuchuma matunda na uyoga bila kuomba. Sisi tuliozoea kuona bango la "Hairuhusiwi kuingia" tunasita, lakini ndivyo ilivyo. Jaza friza. Februari utajishukuru.

Sasa giza. Mwishoni mwa Desemba, Joensuu jua linachomoza kama saa tatu na nusu asubuhi na kuzama kama saa nane na nusu mchana, na hata katikati ya muda huo linakaa chini karibu na vilele vya misonobari, halipandi. Mama yangu alinipigia kwa video saa kumi na moja jioni ya Makete, kwangu ni saa kumi. Akaona dirisha jeusi nyuma yangu, akasema kwa hasira: "We mtoto, mbona hulali?" Wakati huo sijala hata chakula cha jioni.

Lakini Desemba si mwezi mbaya kuliko yote. Kuna theluji, na theluji inarudisha mwanga wa taa za barabarani, mji unang'aa. Mbaya ni Novemba. Majani yameanguka, theluji haijakaa, mawingu yamefunika, mvua ya manyunyu haikatiki, kila kitu ni rangi ya saruji. Utaanza kulala mchana. Utatamani vitu vitamu. Simu za nyumbani utaziangalia zikiita. Ukiona hivyo usidhani umerogwa, wala usidhani wewe ni dhaifu. Wenyeji wenyewe wanalalamika, tena wao wamezaliwa humo.

Dawa yake inaandaliwa Septemba, ukiwa bado mchangamfu, kwa sababu Novemba hutakuwa na nguvu ya kuanza chochote. Chagua angalau kozi moja ya asubuhi ikutoe kitandani. Jiandikishe kwenye michezo ya chuo, ni nafuu. Kila siku saa sita mchana toka nje utembee, hata mawingu yakiwa mazito, maana mwanga wa nje wa mawingu bado unaushinda wa taa ya chumbani. Vitamini D meza tangu Oktoba: jua la majira hayo haliwezi kuitengeneza kwenye ngozi, na ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi ya yao. Wao wenyewe wanaiongeza kwenye maziwa. Miji mingi ina njia zenye taa, bure, za kuteleza kwenye theluji kwa ski, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, na maktaba nyingi za umma zinaazimisha hata vifaa vya michezo. Utaanguka, watoto wa miaka mitano watakupita, na utarudi nyumbani ukiwa na njaa ya kweli. Yote yakishindikana, vyuo vyao vina wanasaikolojia kwa ajili ya wanafunzi, mwandikie. Huko kwenda kwa mwanasaikolojia hakuna anayekuita kichaa.

Ukimya ndio ulionisumbua zaidi. Mimi natoka mahali ambapo ukimpita mtu mzima bila kumwamkia, habari inafika kwenu kabla yako. Kule jirani akisikia hatua zako kwenye korido anasubiri ndani upite ndipo afungue mlango. Kwenye basi atasimama kuliko kukaa pembeni yako. Miezi ya kwanza unahesabu kila kitu kuwa ubaguzi, na nisikudanganye, ubaguzi upo pia na utautambua ukiuona. Lakini sehemu kubwa ni kwamba mtu anakuachia nafasi yako, na anatarajia umwachie yake. Salamu ni "moi" moja, imetosha, hakuna habari za wazee wala za mifugo.

Usiwasubiri wakuite. Tafuta kikundi chenye kazi ya mikono au ya mdomo: kwaya, mpira wa sakafuni (floorball, unachezwa kwa fimbo ndani ya ukumbi), chama cha wanafunzi wa fani yako. Wafini wengi hawajui kupiga soga za kukaa tu, ila mkiwa mnafanya kitu pamoja maneno yanatoka. Nenda hata mara ambazo hakuna anayeongea nawe, watakuzoea sura kwanza.

Na wakikualika sauna, chumba chao cha kuoga joto na mvuke, nenda. Nchi ya watu milioni 5 na nusu ina sauna zinazokadiriwa kufika milioni 3, kwa hiyo mwaliko utakuja. Za wanafunzi huwa na zamu ya wanawake na ya wanaume, na wanaingia uchi, wamekalia taulo. Hilo lilinichukua muda. Ukiwa na wageni wa nchi nyingine unaweza kusema unavaa nguo ya kuogelea, hakuna atakayegombana nawe. Kaa benchi la chini, joto la juu ni la wazoefu. Mtu anamwaga maji kwenye mawe, mvuke unakupanda masikioni, na watu walewale wa kwenye basi wanaanza kukuambia habari za wazazi wao waliotengana. Urafiki wangu wa kule karibu wote ulianzia humo.

Masomoni nitasema machache. Profesa anaitwa jina lake la kwanza. Ulimi utakataa, mwishowe utakubali. Kipindi kilichoandikwa saa nne kwa kawaida kinaanza saa nne na robo. Mtihani unajiandikisha mapema kwenye mfumo, usipojiandikisha hufanyi, lakini ukifeli kuna nafasi ya kurudia na hakuna anayekuona mjinga. Alama ni 0 hadi 5.

Kiswahili hutakikosa. Ufini imepokea wakimbizi wengi wa Kongo kupitia UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na wale wa Kivu wanaongea Kiswahili chao kitamu. Mama mmoja wa Uvira ndiye aliyekuwa akinisuka jikoni kwake, maana saluni ya kule ingenimalizia posho. Waulize makanisani au kwenye maduka ya Kiafrika. Na usishtuke mzee wa Kifini akikuuliza "Habari za nyumbani?" Wengi walifanya kazi Tanzania kama wamisionari au wataalamu wa misitu, hata Martti Ahtisaari alikuwa balozi Dar es Salaam miaka ya 1970 kabla ya kuja kuwa rais wao mwaka 1994.

Mwezi wa mwisho uza vitu vyako mapema, maana Mei kila mwanafunzi wa kigeni anauza baiskeli na bei inaanguka. Koti mwachie atakayefuata. Kisha safisha chumba kwa kufuata karatasi waliyokupa: yeyusha barafu ya friza, sugua oveni, vuta jiko ufagie nyuma yake. Wanakagua hadi huko, na uchafu utakatwa kwenye dhamana yako.