Kumpeleka mama Umra kutoka Mtwara: ratiba ifuate miguu yake

Ndugu wa Ligula umeuliza kama inafaa kumpandisha mama yako, mwalimu mstaafu mwenye miaka 67, basi la alfajiri kutoka Mtwara na kumuunganishia ndege ya Jeddah usiku uleule, aende Umra, ziara ya ibada ya Makka, ili kuokoa gharama ya kulala Dar es Salaam. Jibu langu ni hapana, kwa sababu mimi nilimfanyia mama yangu hivyohivyo.

Kutoka kwetu hadi Dar ni kilomita zipatazo 560. Tulipofika uwanja wa ndege jioni, makubadhi aliyoyavaa alfajiri yalikuwa hayaingii tena, na bado usiku mzima wa safari ulikuwa mbele yetu. Kwa kuwa tulikuwa tunaelekea Makka moja kwa moja, alihirimia, yaani alitia nia na kuingia kwenye ihramu, ndegeni tulipokaribia miqati, mpaka ambao mwenye kwenda Umra haupiti bila ihramu, na tulipofika hotelini hakuweza hata kusimama kwa muda mrefu. Siku nzima aliyoitumia kupumzika aliipitisha akiwa ndani ya ihramu, hali ambayo mtu hagusi manukato mpaka amalize Umra, akikataa katakata nisimpake magotini dawa yake ya kuchua kwa sababu ina harufu nzuri. Kile kichupa kilikaa dirishani, akikitazama.

Miaka miwili baadaye nilipompeleka tena, pamoja na shangazi, tulilala Dar usiku mbili, kisha tukaanzia Madina. Huko mtu anafika akiwa hana ihramu, anapumzika, anaswali Msikiti wa Mtume kwa nafasi yake, halafu anahirimia Dhul-Hulaifa, nje kidogo ya mji, akiwa na nguvu zake. Kutoka Madina hadi Makka tulipanda treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018, na safari ilichukua saa mbili na ushee.

Suala la kiti cha magurudumu lizungumzeni nyumbani, msingoje mfike. Sai peke yake, mizunguko saba kati ya vilima vya Safa na Marwa, ni zaidi ya kilomita 3, na hapo tawafu, kuizunguka Kaaba mara saba, imekwisha kuchukua sehemu yake ya magoti. Mama aliposikia habari ya kiti, tukiwa barazani tunabangua korosho, alisema kiti ni cha mgonjwa na yeye si mgonjwa. Sikubishana naye, nilimwambia atawafu kwa miguu yake, na kwenye sai aamue mwenyewe, kwani kuna njia maalumu ya viti katikati. Mzunguko wa tatu alikaa bila kuambiwa na mtu.

Nyaraka anzeni mapema, hasa kwa wazee wetu ambao vyeti vya kuzaliwa walivipata ukubwani. Kwa mama, herufi moja ya jina la babu ilitofautiana kati ya cheti na kitambulisho cha taifa, na hati ya kusafiria ikangoja mpaka jambo hilo liliporekebishwa. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari, wala zisiingie kwenye sanduku.

Kuhusu majira, wengi wetu hushika fedha baada ya minada ya korosho, na kwa bahati njema miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo yenye nafuu ya hewa Makka. Juni na kuendelea joto hupita nyuzi 40. Ramadhani ina fadhila zake, lakini kwa magoti ya miaka 67 msongamano ule mimi nisingeuchagua.

Na kabla hujamlipa wakala, muulize hoteli iko umbali gani kwa mwendo wa mama yako. Safari ya kwanza sisi tuliambiwa ni dakika tano hadi msikitini. Mama alizitembea ishirini na tano, tena kwa kupumzika mara mbili.