Zege la nyumba ya zamani: litie kwenye jamvi, usilitie kwenye slebu

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Tumebomoa nyumba ya marehemu baba hapa Chumbageni, Tanga, iliyojengwa mwaka 1974. Limebaki lundo la zege la jamvi (sakafu ya chini), lenta (boriti za juu ya milango na madirisha) na nguzo nne za baraza. Fundi anataka vijana waliponde kwa nyundo tupate kokoto za nyumba mpya, mpaka slebu (dari ya zege) ya juu, tusinunue kokoto nyingine. Je, ni salama?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole, kubomoa nyumba ya mzee si jambo jepesi. Fundi wako amepata nusu ya jibu. Zege hilo ni mali, na huniuma kila ninapoona lori likimwaga kifusi kama hicho kwenye mikoko. Jamvi la meta 5 kwa 4 lenye unene wa sentimita 10 peke yake ni karibu tani 5 za mawe ambayo tayari yako uani kwako. Yatumie kwenye zege la usawazisho, yaani tabaka jembamba la kusawazisha udongo chini ya msingi, kwenye njia ya kuingilia, kwenye sakafu ya uani, na kwenye jamvi jipya kama halitawekwa wavu wa chuma. Lakini slebu, nguzo, lenta na mkanda wa zege unaozunguka kuta, yaani popote penye nondo, usiyatie.

Ninakuzuia kwa sababu ya chumvi. Huku mwambao mchanga wa ufukweni umetumika sana kwenye ujenzi, na upepo wa bahari nao huingiza chumvi kwenye zege mwaka hadi mwaka. Ukiliponda zege hilo na kulichanganya upya, chumvi yake unaihamishia nyumba mpya. Inapofika kwenye nondo huharibu utando mwembamba unaoilinda, nondo inaanza kula kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe. Hapo zege hupasuka kutoka ndani. Niliwahi kuitwa kwenye baraza moja Raskazone, slebu yake ikiangusha vipande juu ya viti vya wageni, na ukiitazama kutoka nje rangi ilikuwa bado nzuri. Kagua nguzo zako nne: kama nondo zilishavimba na zege limebanduka, zege hilo lisikaribie chuma kabisa. Fundi atakwambia yaoshwe kwa maji. Kuosha hutoa chumvi ya juu tu. Iliyo ndani ya vitundu inabaki.

Sasa maji, ambayo ndiyo huharibu kazi hata pasipo na nondo. Kokoto ya zege la zamani si jiwe tupu. Imebeba saruji na mchanga wa zamani ulioganda juu yake, na ganda hilo lina vitundu vingi. Kokoto ya kawaida hunywa maji kiasi cha 1% ya uzito wake, au pungufu. Hii hunywa 3% hadi 10%. Jipimie mwenyewe: kausha kilo 5 juani, zilowekwe saa 24, zifute kwa kitambaa, kisha uzipime. Zikifika kilo 5.3, zimekunywa 6%. Ukizitia kavu kwenye mchanganyiko zitafyonza sehemu ya maji yake, zege litakuwa gumu kumwagika, na kibarua ataongeza ndoo moja, kisha nyingine. Kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu. Kwa hiyo zilowekwe usiku kucha, asubuhi zichujwe kivulini, ziingie zikiwa na unyevu lakini zisidondoshe maji.

Kwenye jamvi changanya karai 1 la kokoto za zamani na makarai 4 ya kokoto mpya. Hiyo ni 20%, kiasi ambacho kiwango cha Uingereza cha BS 8500 kimekuwa kikikikubali katika zege la kawaida lisilopata chumvi ya bahari. Usipunguze saruji hata mfuko mmoja. Saruji ya mwaka 1974 ilishamaliza kazi yake na haitashika tena. Unachookoa hapa ni mawe.

Chekecha: zinazopita milimita 20 na kubaki juu ya milimita 5 ndizo kokoto zako. Unga unaopita chini usiufanye mchanga wa zege, kwa sababu hunywa maji kuliko kokoto zenyewe. Umwage chini ya jamvi na uushindilie vizuri, pamoja na tofali za kuta zilizovunjika. Mbao na vigae vitolewe. Jipsamu ya dari itolewe mpaka kipande cha mwisho, maana salfeti yake huvimbisha zege na kulipasua.

Kama nyumba ilikuwa na mabati ya asibesto, yale ya kijivu yenye mawimbi, vijana wasiyaguse wala kuyavunja mpaka umewasiliana na maofisa wa mazingira wa halmashauri. Na lundo la zege limwagiwe maji kabla ya nyundo ya kwanza, kila kijana awe na barakoa na miwani. Vumbi la zege lina silika (madini yaliyo kwenye mchanga na mawe), na pafu likishaharibiwa nayo halirudi.