Gia Inachelewa, Stelingi Nzito: Majibu kwa Wasomaji wa Mwanza

SWALI: Habari za kazi mafundi. Nina Toyota IST ya 2004, nimeinunua mkononi mwa mtu. Nikiweka D inakaa kidogo, halafu inashtuka ndipo inaondoka. Nikipanda mlima wa Bugando na abiria wanne, enjini inaunguruma lakini gari haliendi. Fundi anataka ninunue giaboksi ya mtumba. Nimpe hela?
Msomaji, Mabatini

JIBU: Hapana ndugu, usimpe bado. Giaboksi ya mtumba nayo inakuja na maradhi yake usiyoyajua, na dalili zako mara nyingi huanzia kwenye oili ya giaboksi, ambayo kuipima ni bure.

Endesha dakika 20 hivi mpaka giaboksi ipate moto. Paki mahali tambarare kabisa. Kwa miinuko yetu hii, wengi wanakosea hapo, maana mteremko kidogo tu unatosha kuharibu kipimo. Enjini ikiwa inawaka, kanyaga breki, pitisha gia moja moja kutoka P hadi L, kisha rudisha P. Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ya giaboksi, ifute, ichovye tena, usome kwenye alama za HOT. Oili ikiwa pungufu, gari likiinama mlimani oili hukimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, presha inashuka, na klachi pleti (sahani za ndani ya giaboksi zinazoshika gia) zinateleza badala ya kushika.

Sasa idondoshe kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu angavu ni nzima. Ya kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua maana yake pleti zimeshaanza kuliwa, na oili mpya haitazirudisha. Ikiwa ya waridi yenye ukungu kama maziwa, maji yameingia: ama kipozeo cha oili kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka, ama gari lilipita kwenye mafuriko, kama yale ya mto Mirongo. Hapo zima, livutwe. Maji hubandua utando wa msuguano wa pleti kwenye vyuma vyake, na kila kilomita unayoongeza inakula giaboksi.

Oili ikiwa sawa, pima muda. Vuta hendibreki, weka mawe kwenye matairi, toka N kwenda D huku ukihesabu kwa saa ya simu mpaka uhisi gia imeshika. Kwa giaboksi nyingi za Toyota za umri huo, isizidi sekunde 1.2; N kwenda R isizidi 1.5. Rudia mara tatu, ukiipumzisha dakika moja kila mara. Zikichelewa zote mbili, shuku presha ya jumla, hasa chujio lililoziba. Ikichelewa D peke yake, shuku klachi ya kwenda mbele. Mtu mwingine aangalie enjini, akiwa amesimama pembeni, si mbele ya gari: ikiruka kila unapobadili, mauntingi (mpira unaoshikilia enjini) imekatika, na mshtuko wako huenda ni huo tu.

Ukibadilisha oili, weka T-IV (aina ya oili ya giaboksi ya otomatiki ya Toyota), si yoyote nyekundu iliyopo dukani. Pima iliyotoka, kwa kawaida karibu lita 3, na urudishe kiasi hicho hicho. Nyingine hubaki ndani ya konveta, kiungo kati ya enjini na giaboksi. Sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) ikifunguliwa, simama hapo uone sumaku zake. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa ndivyo vinavyompa fundi wako haki ya kuzungumzia giaboksi.

SWALI: Corolla 110 yangu stelingi imekuwa nzito na inalia “wiii” nikikata kona hadi mwisho. Barabara ya Igombe inagonga “gu-gu” upande wa kushoto.
Msomaji, Pasiansi

JIBU: Dada, hayo ni matatizo mawili. Fungua kikopo cha oili ya stelingi. Ukiona povu, hewa inaingia, mara nyingi kwenye hozi ya kuvutia au klipu yake. Ikiwa imepungua, bonyeza mipira ya raki (chuma cha stelingi kinachosukuma matairi) pande zote mbili: ukiikuta imejaa oili, sili za raki zimekwisha, na kuongeza oili kila wiki ni kuchelewesha tu. Kaza au badilisha mkanda wa pampu ikiwa unalia unapowasha gari. Usishikilie usukani mwisho wa kona zaidi ya sekunde 5. Oili inachemka na pampu inaumia.

Kuhusu kugonga, piga jeki, weka stendi. Shika tairi kushoto na kulia uitikise: ikicheza, ni tai rodi endi au raki endi, yaani viungo vya stelingi vinavyogeuza tairi. Shika juu na chini: ikicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boli joenti (kiungo cha mviringo kinachoshikilia tairi). Boli joenti iliyolegea haingojei mwisho wa mwezi. Ikichomoka, tairi linalala. Ukikuta vyote vimekaza, angalia stabilaiza linki (fimbo fupi inayozuia gari kuyumba). Ukishabadilisha tai rodi au raki endi, nenda alaimenti siku hiyo hiyo, la sivyo tairi zitalika upande mmoja.

SWALI: Vitz ya 2001, stelingi nzito ghafla, taa ya P/S (pawa stelingi) inawaka. Niongeze oili gani?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Hakuna. Stelingi hiyo inasaidiwa na mota ya umeme. Pima betri: karibu volti 12.6 ikiwa imezimwa, 13.5 hadi 14.5 enjini ikiwaka. Ikiwa chini ya hapo, safisha vichwa vya betri na waya wa athi, kisha kagua alteneta. Umeme ukiwa sawa na taa bado inawaka, gari lisomwe kodi za hitilafu (namba zinazoonyesha tatizo) kwa mashine kabla hujagusa usukani.