Kianzio cha Gari la Kukodi: Kipi Kinajadiliwa na Kipi Hakijadiliwi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekubaliana na muuzaji mmoja kukodi gari jipya kwa miezi 36. Kabla ya kutia saini ameniletea karatasi inayonitaka nilipe kianzio kinacholingana na malipo ya miezi minane hivi, malipo ya mwezi wa kwanza, amana, ada ya kuandaa mkataba, ada ya makaratasi, pamoja na usajili na kodi ya serikali. Anasema kianzio kikubwa kitanipunguzia mzigo wa kila mwezi, na kwamba ada nyingine zote zimekwisha kupangwa, hazijadiliwi. Je, ni kweli?
Msomaji Anayesita

JIBU: Ndugu Msomaji, maneno ya muuzaji wako yana ukweli ndani yake, ila karatasi yake imechanganya fedha zisizofanana katika jumla moja. Usajili na kodi ni fedha za serikali, kwa hiyo hapo hakuna mjadala. Malipo ya mwezi wa kwanza ungeyalipa kwa vyovyote, na amana hurudishwa mwisho wa mkataba baada ya kukatwa uharibifu au deni lililobaki, mradi masharti ya kurudishwa yameandikwa. Ada ya kuandaa mkataba kwa kawaida huwekwa na kampuni inayomiliki gari, lakini uliza kama muuzaji hakuongeza chake juu yake. Ada ya makaratasi ni ya muuzaji mwenyewe. Akikataa kuifuta, mwombe apunguze bei ya gari kwa kiasi hicho hicho, maana kwako matokeo yanakaribiana sana.

Kianzio ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa si ada, bali ni sehemu ya malipo yako ya miezi ijayo unayoitanguliza. Nitatumia tarakimu bila sarafu ili uzipime na za kwako. Tuseme bei ya gari ni 30,000, na thamani ya mabaki, yaani ile inayokadiriwa kubaki siku utakapolirudisha, ni 18,000. Tofauti ya 12,000 ni uchakavu, nao ukigawanywa kwa miezi 36 unapata 333. Juu yake huja gharama ya fedha: jumlisha bei na thamani ya mabaki, kisha zidisha kwa kigezo cha riba, tuseme 0.0025, upate 120. Malipo ya mwezi, kabla ya kodi, ni 453. (Kigezo hicho kinaonekana kidogo mno machoni, lakini kizidishe kwa 2,400 nawe utaona kuwa ni riba ya asilimia 6 kwa mwaka.)

Sasa lipa kianzio cha 3,600. Malipo ya mwezi yatashuka hadi 344, na bila shaka utafurahi. Lakini katika ile 109 iliyopungua, 100 ni fedha zako mwenyewe ulizokwisha kutoa. Nafuu halisi ni 9 kwa mwezi, au 324 kwa mkataba mzima. Linganisha na kupunguziwa bei ya gari kwa 1,800 bila kutoa kianzio chochote: ungeokoa 1,962 katika miezi hiyo hiyo. Ndiyo maana muuzaji huzungumzia kianzio kwa moyo mkunjufu kuliko anavyozungumzia bei.

Tena kianzio kina hatari yake. Gari likiibwa au likiharibika kabisa mwezi wa pili, bima kwa kawaida humlipa mwenye gari, yaani kampuni, wala si wewe, na hata ile bima ya ziada inayofidia pengo kati ya thamani ya gari na deni la mkataba mara nyingi haikurudishii kianzio. Kwa maoni yangu, toa kidogo kadiri kampuni itakavyokubali.

Kwa hiyo rudi kwake ukaanze na bei ya gari, kana kwamba unalinunua, na usikubali kutaja kiasi unachoweza kulipa kwa mwezi kabla bei haijafungwa, kwa sababu akishakijua anaweza kukifikia kwa kurefusha mkataba au kukuza kianzio huku bei ikibaki pale pale. Kisha omba kwa maandishi bei iliyokubaliwa, thamani ya mabaki, kigezo cha riba na idadi ya kilomita unazoruhusiwa kuendesha katika mkataba. Thamani ya mabaki huwa haijadiliwi, kwani huwekwa na kampuni. Kigezo cha riba huenda kimeongezwa na muuzaji, kwa hiyo uliza kiwango cha chini kabisa kwa mtu mwenye historia ya mikopo kama yako. Kilomita nazo zikadirie kwa ukweli, kwa kuwa za ziada zinazonunuliwa mwanzoni kwa kawaida huwa nafuu kuliko zinazotozwa mwishoni.

SWALI: Nimeona tangazo la gari la kukodi bila kianzio. Je, siku ya kuchukua gari sitalipa chochote?

JIBU: Si lazima iwe hivyo. Kukosekana kwa kianzio hakuondoi usajili, kodi, ada wala malipo ya mwezi wa kwanza, isipokuwa tangazo liseme wazi kwamba hakuna fedha yoyote inayodaiwa siku ya kutia saini. Hata likisema hivyo, ada hizo aghalabu huwa zimeingizwa ndani ya malipo ya kila mwezi na kutozwa riba. Uliza pia ada ya kurejesha gari, ambayo hudaiwa mwishoni na ambayo baadhi ya kampuni huisamehe mteja akikodi jingine kwao.