Ukizinduka katikati ya upasuaji, usikubali kuambiwa uliota

Nilipelekwa thieta kwa dharura kujifungua, nikapigwa nusu kaputi, nikazinduka kabla hawajamaliza kunishona. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye sinia na nesi akibishana na mwenzake juu ya zamu ya Jumapili. Nilitaka kupiga kelele, hata kope haikuinuka. Maumivu siyakumbuki sana. Kilichonitesa baadaye ni ule mwili uliokataa kunitii.

Wodini nilimsimulia wifi yangu. "Wifi, hizo ni dawa tu, mshukuru Mungu mtoto mzima." Alinitakia mema, lakini nilinyamaza kwa miezi mingi, na kunyamaza ndiko kulikoniumiza. Sikuweza kulala chali. Chandarua kikichomekwa pande zote nilihema kama ninayezama. Harufu ya spiriti kliniki ilinitoa jasho.

Jambo hili lipo na linajulikana. Mgonjwa hupewa dawa ya kumlaza na nyingine ya kulegeza misuli. Ya kulaza ikipungua mapema, akili inaamka na mwili umelala. Utafiti mkubwa wa Uingereza na Ayalandi uliotolewa 2014 ulikadiria mgonjwa mmoja kati ya 19,000 hivi, lakini kwa wanaojifungua kwa upasuaji wakiwa wamelazwa kabisa, mmoja kati ya 670 hivi.

Kwa hiyo sema, na useme mapema. Omba kuonana na mtaalamu wa usingizi mwenyewe, siyo daktari aliyekupasua tu. Mrudie maneno uliyoyasikia, umwombe afungue fomu ya usingizi ya siku ile akueleze, kisha aandike kwenye faili. Mimi niliposimulia habari ya zamu ya Jumapili, alinyamaza kidogo, akasema, "Dada, kweli ulikuwa macho. Pole sana." Usiku ule nililala.

Hofu ikiendelea, nenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma. Najua watu wa Dodoma tunavyoogopa kuonekana kwenye lile geti. Nilijitanda kanga hadi machoni siku ya kwanza. Ndani nilikuta mtu wa saikolojia aliyenisaidia kulisimulia tukio kidogo kidogo, bila kunikatiza, mpaka likaacha kunivamia usiku. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia duka la dawa achana navyo.

Na ukipangiwa upasuaji mwingine, mweleze mtaalamu wa usingizi kabla hujaingia. Muulize kama sindano ya ganzi ya mgongoni inafaa, na kama haifai, akueleze atakavyohakikisha umelala.